Jua lisilo na usiku: kwa nini dini ya Akhenaten haikudumu

Mazungumzo yetu kuhusu dini ya Misri ya kale hayavuki sentensi mbili. Ya kwanza: Wamisri waliabudu jua. Ya pili: akatokea Firauni mmoja, Akhenaten, akaitupa miungu yote, akamkiri mungu mmoja tu, na kwa hiyo akawa ameona mbali kuliko watu wake. Nimezisikia madarasani, kwenye mihadhara ya dini na kwenye makundi ya WhatsApp, tena kutoka kwa watu waliosoma na wenye nia njema. Ya kwanza ni kweli iliyokatwa nusu. Ya pili naipinga.

Ninachokiona katika maandishi na makaburi yao ni kwamba nguvu ya dini ya jua ya Misri ilitoka usiku. Makuhani wa Ra, mungu wa jua, walimwaga wino mwingi kueleza jua linakwenda wapi likishazama, linakutana na nani huko, na linawezaje kurudi alfajiri. Akhenaten aliufuta usiku huo. Alipoufuta aliwafuta na wafu, akafuta hatari iliyokuwa ikilinyemelea jua, akafuta na kazi waliyokuwa nayo wanadamu ya kulisaidia lipite. Akabaki na jua la mchana, zuri, lenye joto, lisilo na adui. Jua la namna hiyo halina la kumwambia mtu aliyefiwa.

Tuanze na usiku wenyewe. Wamisri waliigawa siku saa 12 za mchana na saa 12 za usiku, wakihesabu tangu jua linapochomoza na tangu linapozama, kama tunavyohesabu sisi. Hii ni neema kwa msomaji wa Kiswahili. Akiambiwa kwamba jambo fulani lilimpata Ra saa sita ya usiku, analiona hapo hapo lilipo, katikati ya giza, machweo yako mbali nyuma na mawio yako mbali mbele. Asubuhi jua liliitwa Khepri, likachorwa kwa sura ya mende yule anayeviringisha donge la mavi. Mchana ni Ra. Jioni ni Atum, mzee. Likishazama, mungu huyo alishuka kwenye chombo cha mchana akapanda chombo cha usiku, na safari ya pili ikaanza, ile ambayo hakuna aliye hai aliyeiona.

Safari hiyo imeandikwa saa kwa saa katika andiko ambalo wataalamu wanaliita Amduat. Nakala yake maarufu iko katika kaburi la Thutmose III, Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor. Mfalme huyu alifariki karibu mwaka 1425 KK. Chumba alimolazwa hakina pembe. Kuta zake zimezunguka, zimepakwa rangi ya karatasi kuukuu ya mafunjo, na juu yake watu, nyoka na miungu wamechorwa kwa mistari myembamba ya wino mweusi na mwekundu, kana kwamba gombo moja refu limekunjuliwa kumzunguka marehemu.

Mwanzoni chombo kinaelea katika nchi yenye maji na nafaka. Ra wa usiku ana kichwa cha kondoo dume, na wafu wanafurahi anapopita, kwa sababu wanapata mwanga kwa saa moja tu kabla hajaenda kwa wengine. Saa ya nne maji yanakwisha. Chombo kinakokotwa kwa kamba juu ya mchanga, katika nchi ya Sokar, mungu wa wafu, giza likiwa zito kiasi kwamba Ra hawaoni wakazi wake, anawasemesha tu. Hapo chombo chenyewe kinageuka nyoka ili moto wa kinywa chake utoboe njia. Saa ya saba joka Apep, adui wa jua, amejilaza juu ya fungu la mchanga, ameyanywa maji yote, na makasia hayana kazi tena. Kinachokisukuma chombo ni maneno ya Isis, mungu wa kike mwenye uganga, na ya yule Mganga Mkubwa aliye pamoja naye. Joka anafungwa na kuchomwa visu, lakini hafi kabisa. Kesho usiku atakuwepo pale pale.

Saa ya 12 ndiyo iliyonishika kuliko zote. Chombo kinavutwa ndani ya tumbo la nyoka mkubwa, kikiingilia mkiani na kutokea kinywani, na wote wanaokikokota wanaingia wazee wanatoka watoto wachanga. Mwisho wa ukuta yuko Khepri, mende, anachomoza.

Nimeruka saa ya sita kwa makusudi. Saa sita ya usiku, kwenye kina kirefu kuliko vyote, Ra anaukuta mwili wake mwenyewe umelala, mwili ambao pia ni wa Osiris, mfalme wa wafu. Roho na mwili vinaungana kwa muda mfupi, na hapo ndipo uhai wa kesho unapowashwa. Wazo hili Wamisri hawakuliacha kwenye makaburi ya wafalme peke yao. Useramun, waziri mkuu wa Thutmose III, alilipata andiko hilo kaburini mwake. Na miaka kama 200 baadaye, katika kaburi la Nefertari, mke wa Ramses II, fundi alichora sura moja tu: mwili uliofungwa sanda, una kichwa cha kondoo dume chenye duara la jua, umeshikwa na Isis upande mmoja na dada yake Nephthys upande wa pili. Pembeni kumeandikwa kwamba huyu ni Ra anayepumzika katika Osiris, na ng'ambo kwamba huyu ni Osiris anayepumzika katika Ra. Anayetaka kujua Wamisri waliamini nini kuhusu jua aitazame sura ile kabla hajatazama nguzo yoyote ya mawe.

Jua lao lilizeeka na kufa. Kuna kisa kilichoandikwa kwenye karatasi ya mafunjo iliyoko Turin, cha Isis na jina la siri la Ra. Ra amekuwa mzee, mate yanamtoka na kudondoka chini. Isis anayachukua mate yale pamoja na udongo, anafinyanga nyoka, anamweka njiani. Ra anaumwa, anatetemeka, anajitaja kwa majina yake makubwa, Khepri asubuhi, Ra mchana, Atum jioni, na sumu haitoki mpaka alifichue lile jina lililofichwa. Mungu wa namna hii hana ukamilifu wa kifalsafa. Ana kitu kingine: mtu aliyemuuguza baba yake mzee anaweza kumwelewa.

Siasa ilikuwepo tangu mwanzo, sitaificha. Kitovu cha Ra kilikuwa mji wa Iunu, ambao Biblia inauita Oni, mji wa Potifera kuhani, mkwe wa Yusufu, na Wagiriki wakauita Heliopolis. Leo uko chini ya mitaa ya Matariya na Ain Shams, Kairo, na kilichobaki kimesimama ni nguzo moja ya mawe ya Senusret I, yenye urefu wa mita 20 hivi. Nguzo nyingine za mji huo zilichukuliwa na wenye nguvu wa zama zao: mbili za Thutmose III zilihamishiwa Iskanderia, na karne ya 19 moja ikapelekwa London na nyingine New York. Mfalme Djedefre wa Nasaba ya Nne ndiye wa kwanza tunayemjua kujiita mwana wa Ra, na baada yake hakuna Firauni aliyetaka kuachwa nje ya ukoo huo.

Nasaba ya Tano, iliyoanza baada ya mwaka 2500 KK, ilikwenda mbali zaidi. Tunayo majina ya mahekalu sita ya jua yaliyojengwa na wafalme wake. La Niuserre, huko Abu Ghurab, lilikuwa na nguzo nene fupi juu ya jukwaa, uwanja ulio wazi, na madhabahu kubwa ya alabasta nyeupe ambayo bado ipo. Ndani yake kulikuwa na chumba chenye picha za majira ya mwaka: wanyama wakizaa, ndege, watu wakirina asali. Lakini hesabu za makuhani wa Abusir, jirani na hapo, zinaonyesha jambo ambalo picha hazisemi. Nyama na mikate ilitolewa kwanza kwa Ra kwenye hekalu la jua, kisha ikasafirishwa hadi hekalu la mazishi la mfalme aliyekufa, na huko ikagawiwa makuhani na watumishi. Hata wakati huo, jua lilipokuwa kwenye kilele cha fahari yake, chakula chake kiliishia kwa wafu, na kutoka kwa wafu kikaja kwa walio hai. Mfungamano huo ulidumu miaka 1,000 na ushee kabla Akhenaten hajazaliwa.

Sasa tumtazame yeye mwenyewe, na kwa haki. Alianza kutawala karibu mwaka 1353 KK kwa jina la Amenhotep IV, akatawala miaka 17. Mwaka wa tano hivi alibadili jina akajiita Akhenaten, akauacha mji wa Thebes na kwenda kujenga mji mpya, Akhetaten, mahali panapoitwa leo Amarna, katika Misri ya kati. Aten, duara la jua, akamfanya mungu wa dola. Jina la Amun, mungu mkuu wa Thebes, likafutwa kwa patasi kwenye kuta, mpaka kwenye ncha za juu za nguzo za mawe ambako hakuna mpita njia angeweza kulisoma.

Utenzi mkubwa wa Aten, uliochongwa katika kaburi la ofisa aliyeitwa Ay, ni kazi ya ushairi ninayoiheshimu kwa moyo wote. Unamweka Aten akimpa pumzi kifaranga angali ndani ya yai, samaki wakirukaruka mtoni mbele ya uso wake, ng'ombe wakitulia malishoni. Unasema kwamba aliwaumba watu wa Shamu, wa Kush na wa Misri, akawatofautisha kwa lugha na kwa rangi ya ngozi, na kila mmoja akampa riziki yake. Kwa watu wa nchi za mbali aliweka Mto Naili mwingine angani, ndiyo mvua. Kuziona nchi za wageni zikilelewa na mungu yule yule, kutoka katika jumba la mfalme aliyezoea kuchorwa akiwakanyaga wageni hao, ni jambo kubwa.

Hata hivyo, sifa za mchana hazikuvumbuliwa na yeye. Ndugu wawili, Suti na Hor, wasanifu majengo wa Amenhotep III, baba yake, waliacha jiwe ambalo sasa liko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Humo wanalisifu jua kwa maneno yanayokaribiana sana na ya utenzi wa Amarna, na wanamtaja Aten kwa jina. Tofauti ni kwamba kwao Aten ni sura mojawapo ya jua, na jua lao bado linashuka magharibi na kuwafikia waliolala huko.

Usiku unapofika katika utenzi wa Akhenaten, shairi linabadilika ghafla. Aten akizama, ardhi inaingia gizani kama mauti. Watu wanalala wamefunika vichwa, jicho halimwoni mwenzake, mali yao yaweza kuibwa chini ya vichwa vyao wasijue. Simba wanatoka mapangoni, nyoka wanauma. Basi. Hakuna chombo, hakuna kamba, hakuna saa ya sita. Mungu hayupo, na hakuna anayeambiwa amekwenda wapi. Kwa mara ya kwanza katika historia ndefu ya Misri, nusu ya maisha ya mwanadamu ikabaki bila mungu ndani yake.

Makaburi ya maofisa wa Amarna yanathibitisha hilo. Osiris hatajwi. Hukumu ya moyo kwenye mizani haipo. Marehemu anaahidiwa kwamba alfajiri roho yake itatoka kwenda kupokea sehemu ya sadaka katika hekalu la Aten, na mfalme ndiye mwenye kugawa. Kuta zilizokuwa zikijazwa safari ya marehemu sasa zimejaa mfalme: mfalme kwenye gari la farasi, mfalme na mkewe Nefertiti dirishani wakitupa mikufu ya dhahabu, mfalme na binti zake. Tazama kwa karibu miale ya jua katika picha hizo. Kila mwale unaishia kwenye mkono mdogo, na mikono inayoshika alama ya uhai inaielekeza kwenye pua ya mfalme na malkia. Maofisa, askari na watumishi waliojaa chini ya picha wanapata mwanga, lakini mkono wa uhai hauwafikii.

Utenzi wenyewe unalisema waziwazi: hakuna akujuaye ila mwanao, yaani mfalme. Majumbani mwa wakubwa wa mji yalikutwa mawe madogo ya ibada yenye picha ya Akhenaten na jamaa yake wakiwa chini ya miale. Mwenye nyumba aliomba mbele ya familia ya mfalme, na familia ya mfalme ikaomba kwa Aten. Mimi ni muumini wa Mungu mmoja, na ndiyo sababu sipendi Akhenaten ateuliwe kuwa shahidi wa imani yangu. Tauhidi ambayo njia yake pekee ni mfalme aliyeko madarakani ni ukiritimba wa dola uliovaa vazi la ibada.

Na ibada hiyo ilifanyika wapi? Mahekalu ya zamani yalikuwa na vyumba vinavyozidi kuwa na giza kadiri unavyoingia ndani, mpaka chumba cha sanamu. Mahekalu ya Aten hayakuwa na paa. Palikuwa na nyua zilizo wazi na mamia ya meza za matofali za kuwekea sadaka, mstari baada ya mstari, kwenye jua kali la jangwa. Kati ya mabamba ya udongo ya mawasiliano ya kibalozi yaliyofukuliwa Amarna mwaka 1887 imo barua ya Ashur-uballit, mfalme wa Ashuru. Analalamika kwamba wajumbe wake wanasimamishwa juani mpaka wanakaribia kufa. Kama kusimama juani kuna faida kwa mfalme, anasema, basi asimame mfalme mwenyewe afie huko huko juani. Lakini wajumbe wangu kwa nini wafe? Sijasoma uhakiki wa dini ya Aten unaoizidi barua hii. Aliyeandika hakuwa kuhani wa Amun mwenye kinyongo. Alikuwa mgeni, mwenye haja zake za dhahabu na biashara, aliyeona watu wake wanaungua.

Walioungua zaidi hawakuwa mabalozi. Tangu mwaka 2006 wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuwa wakifukua makaburi ya watu wa kawaida wa Amarna, wale waliobeba mawe na kukanda matofali ya mji ule uliojengwa kwa pupa. Wengi walizikwa kwa kuviringishwa mkeka tu. Mifupa yao ina dalili za lishe duni, uti wa mgongo ulioumizwa na mizigo, na vifo vya mapema. Katika makaburi ya upande wa kaskazini waliozikwa ni watoto na vijana kwa wingi, kati ya miaka 7 na 25. Hatuwezi kusema jua liliwaua. Tunaweza kusema kwamba walipokufa, dini ya mji wao haikuwa na saa hata moja ya usiku ya kuwapa.

Kwa hiyo watu walijitafutia wenyewe. Katika nyumba za Amarna, ndani ya mji mtakatifu wa Aten, zimekutwa hirizi za Bes, yule kibeti mwenye ndevu anayelinda watoto na waliolala, na za Taweret, mwenye umbo la kiboko, mlinzi wa wajawazito. Hao ni walinzi wa saa za giza: kitandani, kwenye uzazi, kwenye homa ya mtoto. Mfalme hakuwa na mbadala wao, na mama wa Amarna hakuwa na uwezo wa kumngojea apate mmoja.

Ipo pia sala ya Pawah. Iliandikwa kwa wino ukutani, katika kaburi la mtu mwingine huko Thebes, mwaka wa tatu wa mtawala Neferneferuaten, yaani mara tu baada ya Akhenaten au mwishoni mwa zama zake. Pawah alikuwa mwandishi katika hekalu la Amun, na aliyeandika kwa niaba yake ni ndugu yake. Anamlilia Amun arudi. Anasema moyo wake unatamani kumwona, na anaomba: giza ninaloliona umelileta wewe, niangazie nikuone. Wengine wanaona kwamba Pawah alikuwa kipofu, wengine kwamba analia kuhusu nchi yake. Kwangu mimi zote mbili zinaingia katika sentensi moja. Huyu anamkubali mungu ambaye hata giza ni lake. Aten hakuwa na giza la kumpa mtu, na kwa hiyo hakuwa na njia ya kumwendea aliyemo gizani.

Maelezo yaliyozoeleka ya kuanguka kwa dini hii ni kwamba makuhani wa Amun waliipindua kwa sababu ya mali. Siyakatai. Mali ilikuwepo, tena nyingi. Hati ndefu ya zama za Ramses III, karibu karne mbili baadaye, inaonyesha mahekalu ya Thebes peke yake yakiwa na watu zaidi ya 86,000, wakati ya Heliopolis yalikuwa na kama 13,000. Lakini makuhani wenye mali wanaweza kurudisha mashamba na ng'ombe. Hawawezi kumlazimisha mama aweke hirizi ya Bes shingoni mwa mtoto wake katika miaka ambayo wao wenyewe walikuwa wamefungiwa milango. Tangazo la Tutankhamun, lililochongwa baada ya kurudi kwa miungu, ni propaganda ya kifalme kama matangazo yote ya aina hiyo. Linasema mahekalu yalikuwa magofu yaliyoota magugu na nyua zake zimekuwa njia za kupita. Kisha linasema neno ambalo halina mali ndani yake: mtu akimwomba mungu, mungu hakuja.

Huyo Tutankhamun, anayedhaniwa na wengi kuwa mwana wa Akhenaten, alizaliwa akiitwa Tutankhaten. Kaburi lake, lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, linajulikana kwa dhahabu. Mimi naomba msomaji autazame ukuta wa magharibi wa chumba cha jeneza. Umechorwa saa ya kwanza ya Amduat: Khepri ndani ya chombo chake, na chini yake nyani 12, kila mmoja katika kisanduku chake, wakilipokea jua linaloingia usikuni. Mtoto wa mji usio na usiku alizikwa na usiku ukutani.

Nyani hao wana habari yao, na inatugusa watu wa upande huu wa bara. Wamisri waliwaona nyani wakipiga kelele alfajiri, wakaamini kwamba wanajua maneno ya kulisalimu jua, na ndiyo maana wamechongwa wameinua mikono juu ya uso wa hekalu la Abu Simbel. Lakini nyani hao hawakuwa wenyeji wa Misri. Uchunguzi wa mifupa na nywele za nyani waliokaushwa, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba baadhi yao walizaliwa katika Pembe ya Afrika, na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2023 ukaelekeza pwani ya Eritrea ya leo. Waliletwa na misafara ya Bahari ya Shamu, pamoja na ubani na dhahabu ya nchi ya Punt.

Basi kwa nini Akhenaten anapendwa hivi leo? Mwanahistoria Mmarekani James Henry Breasted alimwita mtu binafsi wa kwanza katika historia, na Sigmund Freud mwaka 1939 akamfanya chanzo cha imani ya Musa. Sisi tuliolelewa misikitini na makanisani tumeyapokea hayo kwa urahisi, kwa kuwa tunatafuta babu wa kale wa imani yetu, na huyu anafanana naye kwa mbali. Tukishampata, wale wengine milioni nyingi wa Misri tunawageuza washirikina wasiojua kitu, waliopewa nuru wakaikataa. Hapo ndipo ninapoumia. Watu wale walikaa na swali la kifo kwa miaka 3,000, wakalifanyia kazi ukuta kwa ukuta, na jibu walilolifikia, kwamba uhai unawashwa pale pale giza lilipo zito kuliko kote, si la watu wajinga. Mtu anaweza kutoliamini na bado akalipa heshima yake.

Wenyewe walishatoa hukumu yao. Orodha ya wafalme iliyochongwa na Seti I huko Abydos inatoka kwa Amenhotep III na kwenda moja kwa moja kwa Horemheb, ikimruka Akhenaten. Kwenye hati ya kesi ya ardhi ya zama za Ramses II, Akhenaten anatajwa tu kama adui wa Akhetaten. Mawe ya mahekalu yake ya Karnak yaligeuzwa kifusi ndani ya malango makubwa ya Amun, maelfu kwa maelfu, na huko ndiko yalikohifadhika mpaka wachimbuaji walipoyatoa. Vitabu vya usiku, kwa upande wake, viliongezeka. Wafalme waliofuata walichonga Kitabu cha Malango, cha Mapango, cha Ardhi. Katika dari ya Ramses VI, Nut, mbingu mwenyewe, amenyoosha mwili wake mara mbili, mgongo kwa mgongo, akilimeza jua jioni na kulizaa asubuhi.

Na kazi ya kulisaidia jua iliendelea. Nakala tuliyonayo ya ibada ya kumshinda Apep ilikuwa mali ya kuhani aliyeitwa Nesmin, na ina maandishi ya tarehe inayoangukia karibu mwaka 305 KK, chini ya utawala wa Wamakedonia, zaidi ya miaka 1,000 baada ya kifo cha Akhenaten. Maelekezo yake ni ya mtu anayejua kazi yake. Mchore Apep kwa wino wa kijani kwenye karatasi mpya ya mafunjo. Mtengeneze kwa nta, andika jina lake juu yake. Mfunge. Mtemee mate mara nne, mkanyage kwa mguu wa kushoto, mchome kisu, mtupe motoni. Fanya hivyo jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapozama, na fanya tena kila tufani linapotanda angani.